Japani Wanakunywa, Sisi Tunauza: Somo la Chai kwa Kijana wa Kericho

Mwambie Mjapani "mimi" na atadhani unazungumzia sikio. Mwambie "hana" na ataangalia kama umeshika ua. "Sasa" kwake ni aina ya mianzi midogo, "kata" ni bega, na ukipiga kelele "jiko!" barabarani watu watageuka kuona nani amegongwa, kwa sababu jiko kwao ni ajali. Sauti ni zile zile, lakini maana imehamia mtaa mwingine kabisa.

Kuna neno moja ambalo halikuhama. Mwambie "chai" na mtaelewana haraka. Yeye husema "cha", au "ocha" akitaka kuliheshimu. Neno lake na letu yote asili yake ni China. Lake lilivuka bahari pamoja na watawa wa Kibudha. Letu lilipitia Uajemi na Bara Hindi ndipo likatufikia. Na ukitoka Kericho mjini ukashika barabara ya Litein, Kapkatet hadi Sotik, hilo neno utaliona limeandikwa kwa majani mabichi kulia na kushoto, kilomita baada ya kilomita.

Nasema haya kwa sababu vijana wa huku siku hizi wanaulizana swali moja: mtu anaendaje kusoma Japani? Wengine walianza na anime, wakatazama Naruto mpaka wakajua kuomba msamaha kwa Kijapani kabla ya kujua mji mkuu wa Uganda. Wengine wameona mtoto wa jirani amepanda ndege. Ni swali zuri. Lakini kuna la pili ambalo huwa tunaliruka: ukishafika, unaenda kujifunza nini kuhusu wale watu, na kitakusaidia nini nyumbani?

Mimi sijafika Japani. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili karo ilipogoma, nikaingia kwa hasla ya kuandika mtandaoni. Ila jamaa tuliyekaa naye dawati moja shule ya upili anasoma uhandisi huko, na hunitumia sauti kwa WhatsApp huku kukiwa saa kumi na mbili jioni, kwake saa sita usiku. Kutokana na story zake, na kusoma kwangu, nimefikia jambo moja. Kijana aliyelelewa na majani chai ana maswali ya kuuliza Japani ambayo mtoto wa Nairobi hana. Na majibu yake yanatuhusu sana, hasa wakati huu ambapo mashine zinaingia mashambani.

Njia ilishakanyagwa

Tusijifanye sisi ndio wa kwanza. Oktoba 1964, miezi kumi tu baada ya uhuru, mwanajeshi mmoja kutoka Kericho alisimama kwenye mstari wa mita 800 mjini Tokyo. Jina lake Wilson Kiprugut. Alimaliza wa tatu, nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada, na hiyo shaba ikawa medali ya kwanza ya Olimpiki kuwahi kushindwa na Mkenya. Miaka minne baadaye aliongeza fedha kule Mexico. Mzee alifariki Novemba 2022. Kwa hivyo hesabu yote ya medali za Olimpiki za nchi hii inaanzia Japani, na mguu ulioanza hesabu hiyo ulitoka Kericho.

Mwaka 1981 njia ikaanza kupitika upande wa pili. Chuo kilichojengwa Juja kwa msaada wa Japani kilifungua milango, wakati huo kikifundisha kilimo na teknolojia. Leo ni JKUAT, chuo kikuu kamili tangu 1994. Vijana wengi wa Bomet na Kericho wamesomea hapo bila hata kujiuliza kwa nini Japani ilijali.

Kisha kuna Hakone. Hii hadithi inafaa kusimuliwa kila kambi ya riadha. Hakone Ekiden ni mbio za kupokezana za vyuo vikuu, zilizoanza 1920. Hukimbiwa Januari 2 na 3, kutoka Tokyo hadi mji wa mlimani wa Hakone na kurudi, zaidi ya kilomita 217, wanafunzi kumi kila timu. Hakuna kijiti. Mkimbiaji huvaa utepe wa kitambaa begani, unaoitwa tasuki, na kumvika mwenzake anayempokea. Taifa zima huketi mbele ya televisheni, vile sisi hukaa kusubiri matokeo ya uchaguzi.

Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Yamanashi Gakuin kilileta Wakenya wawili, Joseph Otwori na Kennedy Isena. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanafunzi wa kigeni kutoka Afrika kuonekana katika mbio hizo, na mwaka 1992 chuo hicho kikashinda. Baada yao wamepita wengi. Vincent Yegon, jina ambalo hapa Kericho halihitaji maelezo, alikimbilia Tokyo International University akaweka rekodi katika vipande vitatu tofauti: cha 3 mwaka 2020, cha 2 mwaka 2021 na cha 4 mwaka 2023.

Nimeitaja Hakone kwa sababu ya ule utepe. Mkimbiaji wetu amezoea kushinda peke yake, halafu kupokelewa nyumbani kwa mursik. Kule akichelewa mno, kwenye vituo kadhaa mpokeaji huondoshwa bila kuvikwa utepe wa timu, na utaona vijana wazima wakilia barabarani. Si kwa sababu wameshindwa mbio. Wanalia kwa sababu jasho la wenzao waliotangulia limekatikia mikononi mwao. Ukielewa kilio hicho, umeanza kuielewa Japani kuliko kwa kutazama anime mia moja.

Ipinda na senpai

Jamaa yangu anasema jambo la kwanza lililomchanganya chuoni halikuwa chakula wala baridi. Lilikuwa ni kujua nani ni mkubwa wa nani.

Kwa Wajapani, aliyeingia chuo au klabu kabla yako ni senpai. Wewe ni kohai. Hata kama mmezaliwa mwaka mmoja, hata kama wewe ndiye mwenye akili zaidi darasani, yeye ametangulia. Unamwongelesha kwa lugha ya heshima, unapanga viti, unaokota mipira. Na yeye ana deni kwako: anakuonyesha njia, anakulinda, na mkienda kula mara nyingi yeye ndiye anayetoa pesa.

Mtu wa Nairobi akisikia hivyo anaona ni ukoloni. Lakini mwambie mzee wa Kipsigis, atakuuliza: kwani nyinyi mlidhani watu huishije? Sisi tuna ipinda. Marika yetu yana majina saba yanayozunguka kama gurudumu: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kaplelach, Kipkoimet, Nyongi. Ukishatiwa jandoni umeingia rika lako, na hilo linaamua unamheshimu nani, unamtania nani, hata binti wa nani huwezi kumwoa, kwa sababu baba yake ni wa rika lako na kwa hivyo binti huyo ni kama wako.

Hapo ndipo kusoma kwa tamaduni mbili kunakuwa na maana. Unajifunza senpai, halafu unageuka unaiona ipinda upya. Unaanza kuuliza: kwao mkubwa akiheshimiwa lazima alipe, je, kwetu mkubwa analipa nini? Kuna wazee wetu wanaodai heshima ya rika lakini kijana akitafuta karo wanageuka viziwi. Na kuna upande mwingine pia. Huko Japani kohai anaweza kuumia kimyakimya kwa miaka, kwa sababu kumpinga senpai ni aibu. Mfumo ule ule unaokulea unaweza kukuziba mdomo.

Utakutana pia na neno litakalokuchekesha. Watu wa ndani, yaani familia, klabu au kampuni yako, wanaitwa "uchi". Walio nje ni "soto". Ndiyo, uchi. Na ukifikiria vizuri, Kiswahili chetu hakiko mbali sana: watu wa ndani ndio wanaokuona ulivyo, bila kujifunika. Kwa watu wa nje Mjapani huvaa maneno ya adabu. Anaweza kukwambia "tutaliangalia" na maana yake ni hapana. Wenyewe wanasema ni lazima mtu ajue "kusoma hewa". Waswahili walishalisema kwa njia yao: mwenye macho haambiwi tazama.

Vyuoni, hiyo "uchi" ina umbo kabisa. Mwanafunzi wa sayansi huingia katika maabara ya profesa mmoja, na wa masomo ya jamii huingia katika kikundi kidogo kiitwacho zemi. Kuanzia hapo hao ndio watu wako: mnasoma pamoja, mnakula pamoja, mnasafiri pamoja. Usipojitokeza unaulizwa kama u mgonjwa. Anayedhani chuo ni kusikiliza somo, kupiga picha ubao na kurudi hosteli atapata shida.

Kikombe kimoja, saa nne

Sasa tuje kwa majani yenyewe.

Mwaka 1191 mtawa aitwaye Eisai alirudi Japani kutoka China, na anasifiwa kwa kurudi na mbegu za chai. Baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu faida za chai kwa afya. Karne zilizofuata chai ikawa kinywaji cha watawa, kisha cha mabwana wa vita, kisha cha kila mtu. Katika miaka ya 1500 akatokea Sen no Rikyu, aliyeipa sherehe ya chai sura inayofuatwa mpaka leo. Alitaka chumba kidogo, vyombo vya kawaida, maua machache. Mlango wa chumba ulikuwa mdogo kiasi kwamba mgeni aliingia kwa kutambaa, na samurai aliacha upanga wake nje. Ndani ya chumba cha chai kila mtu alikuwa ameinama. Mwaka 1591 mtawala Toyotomi Hideyoshi alimwamuru Rikyu ajiue, na wanahistoria wanabishana sababu mpaka leo. Shule zilizoanzishwa na vizazi vyake bado zinafundisha.

Sherehe kamili, pamoja na chakula, huweza kuchukua karibu saa nne. Mwenyeji anakoroga unga wa matcha kwa kifagio kidogo cha mwanzi, mgeni anapokea bakuli kwa mikono miwili, analizungusha kidogo ili asinywe upande ulio mzuri zaidi, kisha anakunywa. Vyuo vingi huko vina klabu ya chai, na mwanafunzi wa kigeni hukaribishwa. Jamaa yangu alihudhuria mara moja. Magoti yalikufa ganzi baada ya dakika ishirini. Aliponisimulia alisema, "Buda, nilifikiria mama."

Mama yake amechuma majani maisha yake yote: majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, mvua ya Kericho ambayo haina adabu. Amechuma tani nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Hakuna siku ambayo mtu yeyote alimpokelea jani kwa mikono miwili.

Mmea ni ule ule, Camellia sinensis. Tofauti ni kile kinachofuata baada ya kuchumwa. Wajapani hupitisha jani kwenye mvuke haraka ili lisigeuke rangi, wakalisokota na kulikausha. Njia hiyo ya kutengeneza sencha inahusishwa na Nagatani Soen wa Uji, mwaka 1738. Sisi tunalinyausha, tunalipitisha kwenye mitambo ya CTC inayolisagasaga vipande vidogo, tunaliacha ligeuke jekundu, tunalikausha. Linatoka limekolea, kali, na zuri sana kwa kuchanganywa na chai ya nchi nyingine ndani ya mfuko mdogo wa karatasi.

Hapo kwenye kuchanganywa ndipo jina linapopotea. Kenya huzalisha zaidi ya kilo milioni 500 za chai kwa mwaka. Japani haifikishi hata milioni 100. Lakini wao hunywa sehemu kubwa ya chai yao humo humo nchini, na majani yao yana majina ya kwao: chai ya Uji, chai ya Yame, chai ya Sayama. Sisi zaidi ya asilimia 90 tunapeleka nje, nyingi yake kupitia mnada wa Mombasa, kwenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Ndiyo, jina la Kericho liko kwenye pakiti za Kericho Gold. Lakini nani huko nje amewahi kusikia Momul, Mogogosiek au Kapkoros? Hizo ni jamii nzima za wakulima, zina viwanda vyao chini ya KTDA, na kila Oktoba utasikia wakilalamika kuwa bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki mwa Bonde la Ufa.

Na tusidhani utamaduni wa chai ni wao peke yao. Huku mgeni haondoki bila chai. Maziwa yanajulikana kiasi chake, majani yanatiwa wakati fulani, na mama akikumiminia kikombe cha pili huulizi kwa nini. Tuna hata sotet, kibuyu cha mursik, kinachosafishwa ndani kwa mkaa wa mti maalum kwa ustadi ambao Mjapani angeuita sanaa na kuufungulia shule. Sisi tunaziuza hizo pembeni ya barabara.

Nani alingoja upande wa pili wa mashine

Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchuma chai katika shamba kubwa hapa Kericho. Kila mmoja anakumbuka zile picha. Kampuni husema gharama ya wachumaji imepanda na mashine moja hufanya kazi ya makumi ya watu. Wachumaji husema katika mashamba makubwa kazi ikienda nyumba nayo inaenda, kwa sababu nyumba ni ya kampuni.

Japani ni miongoni mwa nchi zilizotangulia kuunda mashine hizi. Walianza na mkasi wenye mfuko, wakaja na mashine ya kubebwa na watu wawili, na leo pale Kagoshima, ambako mashamba ni tambarare, mtu mmoja huendesha mtambo juu ya mistari ya chai kama anayeendesha trekta. Hakuna aliyechoma. Kwa nini?

Hili ndilo swali ambalo mtoto wa mchumaji angepaswa kwenda nalo chuo kikuu Japani. Jibu halihusu tabia ya upole wala nidhamu ya Kijapani, vile watu hupenda kusema. Katika miaka ya 1950 na 1960 uchumi wao ulikuwa unakua kwa kasi. Vijana waliomaliza shule vijijini walipakiwa kwenye treni kwa makundi na kupelekwa mijini, ambako viwanda vilikuwa vinawangoja. Mwaka ambao Kiprugut alikimbia Tokyo, mikono mashambani ilikuwa tayari inapungua. Mashine ilipofika kwenye chai ilikuta pengo, ikaliziba.

Kwetu mashine inakuta shamba limejaa watu. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba robo tatu ya Wakenya wako chini ya miaka 35. Kule, karibu watu 3 kwa kila 10 wana miaka 65 au zaidi, na mkulima wa kawaida ni mzee. Wao wanatafuta kijana wa kurithi shamba la chai hawampati. Sisi kijana yupo, na anayemngoja upande wa pili wa mashine ni bodaboda ya mkopo.

Kwa hivyo mtu asikudanganye kwamba tukinunua teknolojia ya Japani tutakuwa Japani. Mashine ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni kile walichojenga kumpokea aliyeachishwa kikapu, na kile walichofanya na jani lenyewe. Mwaka 1985 kampuni ya Ito En ilianza kuuza chai ya kijani isiyo na sukari ndani ya mkebe. Wengi walishangaa, nani atalipia kitu kinachotolewa bure nyumbani? Leo chai ya chupa iko kwenye kila mashine ya kuuzia vinywaji huko. Hizo zote ni kazi za watu: wa kubuni, wa kupima, wa kufungasha, wa kutangaza. Chuo Kikuu cha Mkoa wa Shizuoka kina kituo kizima cha utafiti wa chai. Na sisi hatuanzi sifuri. Utafiti wa chai Kericho umekuwepo tangu miaka ya 1950, na mwaka 2011 watafiti wa hapa walitoa chai ya zambarau, TRFK 306, mmea ambao Wajapani wenyewe wangependa kuuelewa.

Na wao wanatusoma

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba barabara hii ina pande mbili. Chuo Kikuu cha Osaka kina idara ambayo mwanafunzi wa Kijapani anasomea Kiswahili miaka minne na kupata shahada yake. Kuna mtu Osaka sasa hivi anayekaza ubongo kwa ngeli ya KI-VI wakati wewe unaona Kiswahili ni somo la kupitia mtihani.

Na mmoja wetu aliwahi kuwafundisha wao neno lao. Februari 2005 Wangari Maathai, aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, alitembelea Japani akasikia neno "mottainai", ambalo mtu husema akiona kitu kizuri kinaharibiwa bure. Alilipenda akalipeleka hadi Umoja wa Mataifa. Wajapani wengi walilisikia upya neno la bibi zao kutoka kwa mama wa Nyeri. Ukienda ukiwa na macho yako mwenyewe, unaweza kumwonyesha mwenyeji kitu ambacho amekizoea mpaka hakioni.

Ukiamua kujaribu

Mambo ya vitendo sasa. Ufadhili mkubwa zaidi ni wa serikali ya Japani, MEXT, ulioanza 1954. Maombi hupitia Ubalozi wa Japani Nairobi, na matangazo kwa kawaida hutoka kati ya Aprili na Juni. Wa shahada ya kwanza ni miaka mitano, mwaka mmoja ukiwa wa lugha. Kuna mtihani wa hisabati na Kiingereza, na sayansi kwa wanaosoma sayansi, halafu mahojiano. Karo inalipwa, tiketi ya ndege inalipwa, na posho ni yen 117,000 kwa mwezi, takriban shilingi laki moja kutegemea soko. Usiruke juu: maisha ya Tokyo yanakula hiyo pesa haraka. Visa ya mwanafunzi huruhusu kazi ya saa 28 kwa wiki ukipata kibali, na wengi hujikuta usiku nyuma ya kaunta ya duka. Upo pia ufadhili wa vyuo vya ufundi, na kwa waliomaliza shahada kuna mpango wa ABE, ulioanza kupokea wanafunzi 2014, wa uzamili pamoja na mafunzo ndani ya kampuni.

Lugha anza mapema. Matamshi yatakuwa rahisi kwako kuliko kwa Mwingereza, kwa sababu silabi zao huishia kwa irabu kama zetu. Hiragana ina herufi 46 za msingi, wiki mbili unazimaliza. Kanji ndiyo mlima: orodha rasmi ya matumizi ya kila siku ina 2,136. Mtihani wa kimataifa wa Kijapani, JLPT, hufanyika Nairobi kila Desemba, na ngazi ya chini kabisa ni N5.

Lakini kabla ya kujaza fomu, fanya jambo moja ambalo halihitaji pasipoti. Kaa na mtu aliyechuma chai miaka ishirini na umwulize: jani zuri unalijuaje kwa kidole? Mvua ikikaribia linabadilika vipi? Ni nani aliyekufundisha, na wewe umemfundisha nani? Yaandike kwa Kiswahili au Kipsigis. Profesa wa zemi atakapokuuliza umetoka wapi, wenzako watataja mji. Wewe utakuwa na kitu cha kumfundisha.